Kwa nini timu yenye vijana warefu hukwama isipokuwa na watupaji wa mbali

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ohio, na huu ni mwaka wa pili nahudhuria mechi za mpira wa kikapu za timu ya wanaume ya chuo anachosoma mwanangu. Msimu huu timu ina vijana warefu wenye nguvu, inapata ribaundi nyingi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa), tena inalinda vizuri, lakini kufunga ni taabu tupu. Zinapita dakika sita au saba bila kikapu hata kimoja. Watangazaji husema kila siku kwamba tatizo ni kukosa watu wa kutupa kutoka mbali. Mimi sielewi. Kama hawawezi kutupa kutoka mbali, si waache, wampe mpira yule kijana mrefu aliye chini ya kikapu? Je, kocha anaweza kulirekebisha jambo hili katikati ya msimu? Na tiketi za mwakani, ninunue au nisubiri?

Jibu: Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la katikati, kwa kuwa ndilo linaloonekana kuwa na jibu jepesi na ndilo linalowanyima makocha usingizi kuliko yale mengine: kwa nini wasimpe tu mpira yule mrefu?

Ni kwa sababu yule mrefu hayuko peke yake pale chini. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha timu ya wavulana ya shule ya sekondari kwenye uwanja wa saruji, nilifanya jaribio ambalo hadi leo hulirudia kila ninapopata wachezaji wapya. Nilimsimamisha mshambuliaji mmoja kwenye kona, nikampa mlinzi wa kumkaba, nikampa mpira mchezaji mwingine upande wa pili wa uwanja, kisha nikamwomba msaidizi wangu achore kwa chaki mahali ulipo unyayo wa yule mlinzi wa kona pindi mpira unapoanza kudundwa kuelekea kikapuni. Mara ya kwanza kwenye kona alisimama kijana aliyejulikana shule nzima kwa shabaha yake, na alama ya chaki ikawa hatua mbili tu kutoka alipo. Mara ya pili nilimweka kwenye kona ileile kijana mwenye kasi na moyo mkubwa, ila mitupo yake ya mbali ilikuwa ikigonga ubao kama jiwe. Mlinzi ni yuleyule, na hakuna aliyemwambia lolote. Lakini safari hii unyayo wake ulikuwa karibu kabisa na kikapu, mgongo wake umempa yule wa kona, macho yake yakiusubiri mpira. Katika majaribio yote mawili hakuna aliyetupa mpira hata mara moja kutoka kwenye kona hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mashabiki wengi huhesabu mitupo ya mbali kwa pointi zinazoingia, ilhali kazi yake kubwa hufanyika kabla mpira haujatupwa, na mara nyingi bila kutupwa kabisa: ndiyo inayoamua walinzi wasimame wapi. Mtupaji anayeogopwa humvuta mlinzi wake nje pamoja naye, na kila mlinzi anayevutwa nje ni mwili mmoja uliopungua chini ya kikapu. Asiyeogopwa humwacha mlinzi wake huru kwenda kusaidia wenzake, kwa hiyo timu yake, ingawa kwa macho ina watu watano uwanjani, inashambulia wanne dhidi ya watano. Wakiwa wawili wasioogopwa, ni watatu dhidi ya watano. Kutokana na maelezo yako nadhani timu ya chuo cha mwanao huwa na watatu kwa wakati mmoja, na kwa hali hiyo hata senta hodari, yaani yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, atapokea mpira akiwa na kifua cha mtu mgongoni, mkono wa pili mbele ya uso, na mtu wa tatu anayengoja adunde mara moja tu amnyang'anye.

Neno «kuogopwa» nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu halilingani na asilimia unazoziona kwenye takwimu za mechi. Kijana anayetupa mara moja kwa mechi, akiwa peke yake kabisa na miguu imetulia, anaweza kumaliza msimu na asilimia 38, na bado hakuna mlinzi atakayehangaika naye, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba akipokea mpira atafikiri kwanza. Kwenye mpira wa kikapu kufikiri huko huchukua kama sekunde moja, na sekunde moja inamtosha mlinzi kurudi kutoka chini ya kikapu. Mwenzake mwenye asilimia 34 anayetupa mara saba, tena bila kusita, humnyima mlinzi usingizi. Nikiletewa wachezaji wawili wa aina hiyo nichague mmoja, namchukua huyo wa pili bila kufikiri sana.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mtupo wa pointi tatu unaoingia mara moja katika kila mara tatu huleta wastani wa pointi moja kwa kila mtupo, na mtupo wa pointi mbili unaoingia nusu ya mara huleta pointi moja vilevile. Timu za wanaume za vyuo vikuu vya Marekani kwa jumla huishi karibu na viwango hivyo, takriban asilimia 34 nje na asilimia 50 ndani. Timu isiyo na watupaji hushuka nje hadi asilimia 28 au 29, na hilo pekee lingevumilika. Kinachoiua ni kwamba na ile asilimia 50 ya ndani nayo hushuka, kwa kuwa mitupo iliyokuwa ya kuweka mpira kwenye ubao inageuka kuwa mitupo ya kuegemea nyuma mbele ya mikono mitatu.

Sasa niende kwenye mechi ambayo mimi huiona kuwa somo kamili la jambo hili. Machi 27, 2010, mjini Syracuse, katika hatua ya timu nane za mwisho za mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilikutana na ile ya West Virginia. Kentucky ilikuwa imeshinda mechi 35 na kupoteza 2. Ilikuwa na John Wall, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA, ligi ya kulipwa, miezi mitatu baadaye, DeMarcus Cousins aliyechaguliwa wa 5, Patrick Patterson wa 14, Eric Bledsoe wa 18 na Daniel Orton wa 29. Ni watano wa raundi ya kwanza ya uchaguzi wa NBA kutoka timu moja ya chuo, na ukizungumzia vijana warefu wenye nguvu, hao ndio hasa.

Kocha wa West Virginia, Bob Huggins, aliwapangia zoni ya moja-tatu-moja, yaani ulinzi ambao kila mtu hulinda eneo badala ya kumkaba mchezaji fulani. Mtu mmoja mwenye mikono mirefu husimama mbele kumsumbua mwenye mpira, watatu hujipanga kwa upana katikati, na mmoja nyuma hukimbia kutoka kona hadi kona. Kila anayeifundisha zoni hii anajua udhaifu wake: kona na pembeni hubaki wazi, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa kwenye kona mbili kwa wakati mmoja. Kwa timu yenye watupaji wawili wazuri, zoni hiyo ni karamu. Kwa Kentucky ya mwaka ule ilikuwa mtego, maana mlango ulioachwa wazi ulikuwa ndio pekee ambao Kentucky haikuwa na ufunguo wake. Walikosa mitupo yao 20 ya kwanza ya pointi tatu. Walimaliza na 4 kati ya 32, wakafungwa 73 kwa 66.

Mantiki ya swali lako ingesema: basi wasingetupa! Timu isiyojua kutupa kutoka mbali imetupaje mara 32? Naomba hapa usome polepole, kwa sababu ndipo dhana ya kawaida inapokosea. Mwenye kuchagua aina ya mtupo mara nyingi ni ulinzi, wala si ushambuliaji. Mpira unapelekwa ndani, watu watatu wanaufunga, unatolewa nje. Unapelekwa tena, unatolewa tena. Saa ya sekunde 35, ndivyo ilivyokuwa wakati ule, inazidi kukimbia, na zikibaki sekunde sita mpira uko mikononi mwa kijana aliyesimama peke yake kwenye kona, hakuna mtu mbele yake, na dakika chache zilizopita kocha amemwambia asiogope. Atafanya nini? Atatupa. Mtupo ule ni wazi, ni halali, na kwenye karatasi ni mzuri. Lakini ni zawadi aliyopewa na adui, na adui hatoi zawadi bila sababu. Timu isiyo na watupaji hujikuta ikitupa kutoka mbali kuliko ilivyokusudia, kwa sababu huo ndio mtupo pekee isionyimwa.

Na kuna kejeli nyingine ndani ya mechi hiyo hiyo. West Virginia nao hawakupata kikapu hata kimoja cha pointi mbili katika kipindi chote cha kwanza. Walifunga mitupo minane ya pointi tatu na wakaenda mapumziko wakiongoza 28 kwa 26. Mchezesha timu wao siku ile alikuwa Joe Mazzulla, aliyeanza kwa sababu mwenzake alikuwa ameumia mguu, akafunga pointi 17, nyingi kuliko alizowahi kufunga chuoni. Ndiye Mazzulla huyu ambaye leo ni kocha wa Boston Celtics, bingwa wa NBA wa 2024, na ambaye timu yake hutupa kutoka mbali kwa wingi unaowakera wazee wa mchezo. Sidai kwamba aliipata imani hiyo usiku ule, lakini alikaa viti vya mbele kabisa kutazama kinachotokea kwa timu isiyo na watupaji.

Huenda ukauliza kwa nini tatizo hili linaonekana zaidi kwenye mechi za vyuo kuliko za NBA, ambako nako wapo wachezaji wasiojua kutupa. Sehemu ya jibu iko kwenye kanuni. Tangu msimu wa 2001–02, NBA humkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu, zaidi ya sekunde hizo kama hakuna anayemkaba kwa karibu. Vyuoni hakuna katazo hilo; mlinzi anaweza kupiga kambi chini ya kikapu tangu mwanzo wa shambulio hadi mwisho wake. Eneo lenyewe ni jembamba, upana wa mita 3.66 dhidi ya mita 4.88 za NBA, kwa hiyo walinzi wawili wakisimama humo wanalijaza. Tena mstari wa pointi tatu wa vyuo uko karibu zaidi: tangu msimu wa 2019–20 wanaume hutumia mita 6.75, umbali uleule wa kimataifa unaochorwa kwenye viwanja vyetu Afrika Mashariki, ilhali NBA ni mita 7.24 kwa mbele. Mstari ukiwa karibu, mlinzi aliyeingia ndani kusaidia ana hatua chache za kurudi nje. Nusu mita hiyo haionekani kwenye televisheni, lakini mlinzi anaijua kwa miguu.

Watanzania tuna mfano wetu wa jambo hili. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, na katika misimu yake miwili ya mwisho alizuia mitupo zaidi ya minne kwa wastani katika kila mechi, kisha Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika NBA. Fikiria wewe ni kocha wa timu pinzani, na senta wako hajui kutupa hata kutoka mita nne. Thabeet hana sababu yoyote ya kumfuata nje. Atasimama mbele ya kikapu, mikono juu, na kila kijana wako anayepenya atakutana na mnara. Njia pekee ya kuuondoa mnara ule ni kuwa na senta anayeweza kutupa, au watu wanne wa nje wanaotupa kiasi kwamba walinzi wao hawawezi kumsaidia Thabeet naye akilazimika kutoka. Timu zisizo na kimoja wala kingine hazikuwa na jibu. Alipofika NBA, kanuni na watupaji walimtoa kwenye makao yake, na kila aliyeitazama safari yake anajua jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu zaidi huko.

Mafundi wa ulinzi wa vyuo wameigeuza hali hii kuwa mfumo kamili. Dick Bennett, na baadaye mwanawe Tony aliyefundisha Virginia, walisambaza ulinzi ambao walinzi wote, isipokuwa yule anayemkaba mwenye mpira, hurudi ndani ya mstari wa kufikirika ulio takriban mita tano kutoka kikapuni. Ni sawa na kumwambia mpinzani: ndani hupiti, nje jaribu bahati yako. Timu kama hiyo ya mwanao ikikutana na ulinzi huo huwa kama mtu anayetwanga maji kwenye kinu. Hata mfumo huo, hata hivyo, una siku yake mbaya. Mwaka 2018 UMBC, chuo cha Maryland kilichopangwa cha 16, yaani daraja la chini kabisa katika kundi lake la mashindano, ilipata mitupo 12 kati ya 24 kutoka mbali, na Virginia iliyopangwa ya 1 ikafungwa 74 kwa 54, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya hapo katika mashindano ya wanaume. Virginia wenyewe walipata 4 kati ya 22. Kwa hiyo mitupo ilifungua upande mmoja na kuufunga upande wa pili usiku uleule.

Kabla hujakata tamaa, nikupe upande wa pili wa shilingi, maana zipo timu zilizotwaa ubingwa zikiwa zimetupa vibaya sana kutoka mbali. Fainali ya 2011 Connecticut waliifunga Butler 53 kwa 41 huku wakipata mtupo mmoja tu wa pointi tatu kati ya 11. Sipendi watu wanavyoitumia mechi hii kama ushahidi kwamba mitupo ya mbali si lazima. Butler walipata mitupo 12 kati ya 64 kwa jumla, na ndani ya mstari walipata 3 kati ya 31, na kwa kiwango hicho karibu kila timu ingewashinda. Mfano wenye mafunzo zaidi ni North Carolina ya 2017. Kwenye fainali dhidi ya Gonzaga walipata 4 kati ya 27 kutoka mbali, idadi inayofanana mno na ile ya Kentucky, lakini wakashinda 71 kwa 65. Tofauti ilikuwa wapi? Timu ya kocha Roy Williams ilijengwa juu ya mambo mawili: kukimbia kabla ulinzi haujajipanga, na kwenda kuufuata kila mpira uliokosa kikapu. Siku mbili kabla ya fainali, dhidi ya Oregon, walikosa mitupo huru minne mfululizo ndani ya sekunde sita za mwisho wakiwa mbele kwa pointi moja, na mara zote mbili, baada ya mtupo wa pili kukosa, mpira ukarudi mikononi mwao. Wakashinda 77 kwa 76.

Kwa hiyo uliposema kwamba timu ya chuo cha mwanao inapata ribaundi nyingi, ningependa kujua ni ribaundi za upande gani. Za kwenye kikapu chao wenyewe ni matunda ya ulinzi mzuri na hazina msaada mkubwa kwa shida hii. Za kwenye kikapu cha mpinzani ndizo dawa, kwa kuwa mpira uliokosa na kurudishwa ni shambulio jipya ambalo walinzi hawajajipangia. Timu isiyo na watupaji inapaswa kuuhesabu mtupo wake wa kwanza kama pasi ndefu ya kwenda kwenye ubao.

Hapo naingia kwenye swali la kama kocha anaweza kurekebisha mambo katikati ya msimu. Shabaha ya wachezaji hairekebishiki kwa miezi miwili. Kubadilisha namna kijana anavyoshika mpira na kuinua kiwiko ni kazi ya kiangazi kizima, na wakati wa msimu mara nyingi humharibia hata kidogo alichokuwa nacho. Kinachoweza kubadilika ni mahali anaposimama na kazi anayopewa.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa makocha wanaolipwa vizuri, ni kumsimamisha asiyeweza kutupa kwenye kona na kumwacha pale, eti atanue uwanja. Hatanui chochote; anampeleka tu mlinzi wake likizo chini ya kikapu. Kijana huyo atumike kwa namna mbili. Kwanza, awekwe kwenye mstari wa mwisho, hatua mbili kutoka kikapuni pembeni kidogo, ili mlinzi wake akiinuka kumzuia anayepenya, pasi fupi imkute akiwa tayari kuruka. Pili, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi, awe ndiye anayeweka skrini, yaani anayesimama imara njiani ili kumzuia mlinzi wa mwenzake. Tazama uzuri wake: mlinzi wake amerudi ndani mita nne kwa dharau, kijana anakwenda kumwekea skrini mlinzi wa yule mtupaji mmoja mzuri mliye naye, na mtupaji anapotokea upande wa pili wa skrini hakuna mtu wa kumfikia, kwa sababu mlinzi ambaye angeweza kutoka kumzuia yuko mbali, palepale alipokuwa akimdharau mwenzake. Dharau ya ulinzi inageuzwa kuwa nafasi. Lakini hilo linahitaji angalau mtupaji mmoja wa kweli, na kwa kawaida timu nyingi wanaye mmoja, pengine aliyekaa benchi kwa sababu ni mfupi na halindi vizuri.

Na huyo wa benchi ndiye uamuzi mgumu wa kocha. Kumwingiza maana yake ni kumtoa mmoja wa wale warefu wawili, kupoteza ribaundi kadhaa, na pengine kufungwa zaidi upande wa pili. Makocha husita, kwa kuwa wamejenga timu yao juu ya urefu na hawataki kuiacha silaha waliyoizoea. Mimi ningejaribu kwa dakika nne nne, hasa pale timu inapoingia kwenye ule ukame wa dakika sita uliousema, badala ya kungoja ukame uishe wenyewe. Senta mmoja akiwa na nafasi hufunga kuliko masenta wawili wanaokanyagana.

Dhidi ya zoni, mpira lazima ufike katikati, karibu na mstari wa mitupo huru, kwa mchezaji anayejua kugeuka na kutoa pasi. Si lazima awe mtupaji. Lazima awe mtulivu. Akipokea pale, zoni nzima hugeuza vichwa kumtazama, na wale waliosimama nyuma ya migongo ya walinzi wanaweza kukata kuelekea kikapuni. Timu nyingi zilizokwama huzungusha mpira nje ya mstari kama watu wanaoizunguka nyumba wakitafuta mlango, na hazithubutu kuuingiza katikati kwa kuogopa kunyang'anywa.

Jambo moja ambalo watangazaji hulisahau ni mitupo huru. Timu inayolazimika kuishi ndani itachezewa faulo nyingi, na wasiojua kutupa kutoka mbali mara nyingi hawajui kutupa hata pale ambapo hakuna anayewazuia. Katika ile mechi ya Syracuse, Kentucky walipata mitupo huru 16 kati ya 29 na wakafungwa kwa pointi saba. Kansas kwenye fainali ya 2003 dhidi ya Syracuse walipata 12 kati ya 30 na wakafungwa kwa pointi tatu, 81 kwa 78. Ukisoma takwimu za timu yenu, anza na safu hiyo. Ikiwa ni chini ya asilimia 65, basi mpinzani anajua kwamba faulo ni bei nafuu kuliko kikapu, na kila mpira utakaopelekwa kwa yule kijana mrefu utaishia kwenye mkono wa mtu. Safu hiyo pia ina faida ya pili: kijana mwenye asilimia 80 kwenye mitupo huru na 28 kutoka mbali ana matumaini ya kuwa mtupaji mwakani, kwa sababu mkono wake ni mzuri na kilichobaki ni miguu na mazoea. Mwenye 55 na 28 simtarajii abadilike.

Kuhusu mwakani, mambo siku hizi hubadilika upesi kuliko zamani. Tangu 2021 NCAA huwaruhusu wachezaji kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima kama ilivyokuwa, kwa hiyo kocha mwenye warefu watatu na asiye na watupaji atatumia majira ya kuchipua kutafuta watupaji wawili kutoka vyuo vingine, na huenda akampoteza mmoja wa warefu wake kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kuihukumu timu ya mwakani ningengoja hadi Mei nione orodha ya waliosajiliwa, kisha niangalie walikotoka walitupa mara ngapi kwa mechi, si asilimia peke yake.

Tiketi zenyewe, nunua, lakini usinunue zile za ghali za pembeni karibu na benchi. Chukua za juu, nyuma ya kikapu ambacho timu yenu inakishambulia kipindi cha pili. Ukiwa pale uache mpira kidogo, umtazame mlinzi wa kona iliyo mbali na mpira, uone amesimama wapi.